Mwongozo kamili wa kuzalisha buldogi chotara Mwanza, kuanzia kupima pua hadi kumkabidhi mtoto wa mbwa

Wafugaji wa Mwanza wanaojaribu kupata buldogi chotara hushindwa mahali palepale. Wengine humpoteza jike usiku wa kuzaa kwa sababu kichwa cha mtoto kimekwama nyongani. Wengine hupata watoto walio hai, wanono, wenye makunyanzi ya kupendeza, ambao ifikapo Septemba hushinda wamelala sakafuni ulimi nje, wakikoroma, wasiweze hata kumfuata mwenye nyumba kutoka getini hadi mlangoni. Misiba yote miwili hutokana na uamuzi mmoja uliofanywa mapema: wazazi walichaguliwa kwa sura kabla pumzi yao haijasikilizwa.

Mimi mwenyewe nilianza na kosa hilo. Jike wangu wa kwanza alikuwa wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 14, nami nikampandisha kwa dume wa kilo 25 kwa sababu tu dume huyo alikuwa na kifua kipana. Alikufa alfajiri pale Buhongwa akiwa na mtoto aliyekwama, huku nikipiga simu kwa watu ambao hakuna hata mmoja aliyeweza kumpasua. Hatua zifuatazo nimezipanga ili hayo yasikupate.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Utepe wa fundi cherehani na saa yenye kuhesabu sekunde, kwa ajili ya kupima pua na mwendo.
- Kipimajoto cha kidijitali cha kupima puruni, kitakachotumika kwa mbwa peke yake.
- Mizani ya kumpima mbwa mkubwa, na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu kwa ajili ya watoto.
- Sanduku la kuzalia la mbao, lenye upana wa mita 1.2 kila upande. Ndani yake pigilia ubao wa kuzuia, sentimita 10 kutoka sakafuni, ili mama asiwabane watoto ukutani.
- Taulo safi, glovu, uzi, mkasi uliochemshwa, iodini, na kinyonyea makamasi cha mpira kama kile cha watoto wachanga.
- Maziwa mbadala ya watoto wa mbwa pamoja na chupa. Yaagize mapema, kwa sababu si kila duka la dawa za mifugo huyaweka.
- Daftari.
- Daktari wa mifugo aliyesajiliwa, aliyekubali kwa kinywa chake kwamba atafanya upasuaji hata saa nane za usiku, na fedha za upasuaji huo zikiwa zimetengwa kando.
- Gari. Jike mwenye uchungu hapakiwi kwenye bodaboda.

Ikiwa huna daktari wa namna hiyo, au fedha hizo hazijapatikana, usipandishe msimu huu.

Hatua ya 1: Amua kwa nini unachanganya

Mabishano juu ya kuchanganya koo za mbwa ni makali, na wanaopinga wana hoja nzito. Mbwa wa ukoo mmoja unamfahamu kabla hajazaliwa: ukubwa wake, tabia yake na maradhi yanayomnyemelea, kwa hiyo daktari anajua apime nini. Chotara hutoa watoto wasiofanana, na wachuuzi hulitumia jina hilo kuuza kila mtoto mwenye kichwa kikubwa kwa bei ya juu. Wally Conron, aliyewachanganya Labrador na Poodle nchini Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 ili kumpata mbwa wa kumwongoza mama mmoja kipofu, baadaye alisema hadharani kwamba anaujutia mlango alioufungua.

Wanaounga mkono nao wana ushahidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba tofauti za kijenetiki zilizobaki ndani ya buldogi wa Kiingereza ni chache kiasi kwamba ni vigumu kumrekebisha kwa kuchagua wazazi miongoni mwa jamii yake tu. Huko Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, zaidi ya asilimia 80 ya uzao wa buldogi uliochunguzwa ulitoka kwa upasuaji. David Leavitt wa Pennsylvania, Marekani, alianza mwaka 1971 kumchanganya buldogi huyo na mbwa wa jamii za karibu ili kumrudishia pumzi na uwezo wa kuzaa. Nchini Norway, mahakama ya Oslo ilizuia uzalishaji wa buldogi wa Kiingereza Januari 2022, ingawa mahakama ya rufaa iliondoa zuio la buldogi mwezi Novemba mwaka huohuo.

Mfano unaonishawishi zaidi, hata hivyo, hauhusu buldogi. Mwaka 1973, Robert Schaible, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alimpandisha mbwa wa ukoo wa Dalmatian kwa wa ukoo wa Pointer mara moja tu, kisha akaurudisha uzao kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Kwa njia hiyo alilirudisha jeni la kawaida ambalo Dalmatian walikuwa wamelipoteza, na ambalo kukosekana kwake husababisha mawe ya kibofu. Alijua kasoro ni ipi, akamtafuta mzazi asiye nayo, akaandika kila uzao.

Kuchanganya damu huponya pale mzazi wa pili anapoleta kile alichokosa wa kwanza. Buldogi wa Kiingereza akikutanishwa na buldogi wa Kifaransa au na Pug, pua fupi imeongezwa juu ya pua fupi, na watoto watakoroma vilevile hata wakipewa jina jipya la kuvutia.

*Umefaulu hatua hii* ukiweza kuandika kwenye daftari sentensi moja inayotaja kasoro unayotaka kuipunguza. Ikiwa sentensi yako inataja rangi au bei, rudi mwanzo.

Hatua ya 2: Pima dume

Mbwa hupoza mwili wake hasa kwa kuhema. Buldogi ana tundu za pua zilizobanwa, kaakaa laini refu kupita kiasi, na mara nyingi koromeo jembamba, kwa hiyo anapohema hewa haipiti vya kutosha na joto hubaki mwilini. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wengi hudhani mwinuko huo na upepo wa ziwa vinamtosha. Mtu anayeishi katikati ya majabali ya Bugando au Mabatini anajua jinsi mawe yale yanavyolihifadhi jua la mchana na kulitoa polepole hadi usiku, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati. Banda la buldogi likiegemezwa kwenye jabali huwa tanuri.

Pima kwa mpangilio huu, alfajiri, mbwa akiwa hajala.

Kwanza, tazama tundu za pua. Ziwe wazi hata mbwa akiwa ametulia. Zikiwa kama mstari mwembamba, au zikijifunga kila anapovuta pumzi, mwache.

Pili, pima pua. Chukua urefu kutoka ncha ya pua hadi kwenye kibonyeo kilicho kati ya macho, kisha kutoka kwenye kibonyeo hicho hadi nundu ya mfupa wa kisogoni. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili. Watafiti wameona kwamba hatari ya matatizo ya pumzi hupanda sana kadiri jibu linavyoshuka chini ya nusu, na vigezo vya serikali ya Uholanzi vya mwaka 2019 vilimkataza kabisa mbwa mwenye jibu lililo chini ya 0.3. Buldogi halisi karibu wote watakuwa chini ya nusu. Unachotafuta ni yule aliye juu zaidi miongoni mwa unaoweza kuwapata.

Tatu, mtembeze kwa mwendo wa kukimbia taratibu kwa dakika 3, kisha weka sikio karibu na koo lake. Kipimo hiki ndicho msingi wa mpango ambao Chuo Kikuu cha Cambridge na Kennel Club, chama cha wafugaji wa mbwa cha Uingereza, waliuanzisha mwaka 2019, ambapo daktari husikiliza kwa kifaa kabla na baada ya mwendo, kisha humpa mbwa daraja kutoka 0 hadi 3. Wewe huna haja ya daraja. Ukisikia mkoromo kutoka umbali wa hatua moja, au akishindwa kumaliza dakika 3, hafai kuwa mbegu.

*Tahadhari:* fizi zikigeuka rangi ya zambarau, simamisha kipimo mara moja, mwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na umpeleke kwa daktari huku ukiendelea kumlowesha. Joto la mwili la mbwa mzima mwenye afya ni nyuzi 38 hadi 39.2, likifika 41, maisha yake yamo hatarini.

Mwisho, kagua mkia. Mkia uliojisokota kama parafujo huambatana na kasoro za pingili za mgongo. Kisha muulize mwenye dume iwapo amewahi kupata mawe ya kibofu, kwa kuwa lile jeni la Dalmatian limo pia katika buldogi. Akijibu ndiyo, tafuta dume mwingine.

Hatua ya 3: Chagua jike, kwa makini kuliko ulivyomchagua dume

Hapa ndipo wengi hupoteza kila kitu. Watoto wa buldogi huwa na vichwa na mabega mapana, na ni nyonga ya mama itakayoamua kama watapita.

Jike awe na uzito usiopungua wa dume. Awe na pua ndefu, jibu la kipimo chake likiwa juu ya nusu kwa mbali, maana watoto wa kizazi cha kwanza huangukia katikati ya wazazi. Awe na umri wa miaka 2 hadi 5, na ni bora zaidi ikiwa amewahi kuzaa mwenyewe bila msaada. Jike ambaye hajawahi kuzaa hadi amevuka miaka 5 asianzishwe sasa.

Kwa Kanda ya Ziwa, chaguo langu la kwanza ni jike mkubwa wa kienyeji mwenye mifupa mizito, wa aina wanayolinda mazizi Usukumani, kwa sababu amechujwa na jua, kupe na njaa kabla hajakufikia. Akiwa chini ya kilo 20 mwache, hata akikupendeza namna gani. Wenye damu ya German Shepherd au Boerboel wana ukubwa unaofaa, lakini nyonga zao ziangaliwe kwa picha ya eksirei, kwa kuwa ugonjwa wa nyonga upo kwao na upo kwa buldogi pia, na kasoro iliyo kwa wazazi wote wawili haiondoki kwa kuchanganya.

Wapo wanaogeuza mambo, wakamtumia buldogi kama mama na mbwa wa kienyeji kama baba. Vichwa vya watoto hupungua, ila nyonga ya buldogi inabaki nyembamba ileile. Usifanye hivyo isipokuwa umekwisha kupanga upasuaji.

*Umefaulu* ukiwa na jike mzito, mwenye pua ndefu, anayekimbia dakika 3 na kurudi akihema kimya.

Hatua ya 4: Afya kabla ya kupandisha

Mwezi mmoja kabla ya wakati jike anapotarajiwa kuingia kwenye joto, yaani kumtaka dume, mpe dawa ya minyoo, mwogeshe dawa ya kupe, na ukamilishe chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa. Daktari apime damu za wazazi wote wawili kwa ajili ya ugonjwa wa brusela ya mbwa, ambao huharibu mimba na waweza kumwambukiza binadamu.

Hatua ya 5: Kupandisha

Hesabu kuanzia siku ya kwanza uliyoona damu. Jike wengi hukubali kati ya siku ya 9 na ya 14, damu inapopauka na mkia unapowekwa pembeni akiguswa kiunoni. Mpandishe mara 2, ukiacha siku moja katikati.

Fanya hivyo kabla jua halijachomoza, kwenye sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji. Dume wa buldogi huchoka haraka, na wapo waliokufa wakipanda mchana. Ikipita dakika 10 bila mafanikio, mpumzishe. Daktari anaweza kufanya uhimilishaji, yaani kumwekea jike mbegu bila mbwa kupandana, na kwa dume mzito huo ndio usalama.

Mbwa wakifungana, usiwavute. Hali hiyo huchukua hadi nusu saa na huisha yenyewe.

*Tahadhari:* mfungie jike ndani kwa wiki 3 kamili. Mbwa koko wa mtaani huruka ukuta, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Mfugaji aliyefungua geti siku ya 13 hana haki ya kumwambia mnunuzi kwamba watoto wote ni wa buldogi.

Hatua ya 6: Siku 63 za mimba

Wiki 5 za kwanza mlishe kama kawaida, kisha ongeza kidogokidogo hadi afikie mara moja na nusu ya chakula chake. Dagaa wa soko la Mwaloni ni chakula kizuri, lakini wengi huanikwa mchangani, kwa hiyo waoshe mara kadhaa hadi maji yawe safi, wachemshe, uwasage pamoja na ugali. Mapanki ya sangara usimpe yakiwa na mifupa yake. Usimpe pia vidonge vya kalisi akiwa na mimba, kwani humzoesha mwili kutegemea kalisi ya nje, na baadaye akinyonyesha anaweza kupatwa na degedege.

Kipimo cha ultrasaundi huthibitisha mimba kuanzia siku ya 25 hadi 30. Eksirei ya siku ya 55 na kuendelea huhesabu vichwa. Idadi hiyo iandike kwa kalamu nzito, kwa sababu bila hiyo hutajua usiku wa kuzaa kama kazi imekwisha.

Anayeishi Ukerewe au kisiwa kingine amhamishie jike karibu na daktari ifikapo siku ya 57. Uchungu hausubiri kivuko cha asubuhi.

Hatua ya 7: Usiku wa kuzaa

Kuanzia siku ya 57 pima joto la mwili asubuhi, mchana na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37.2, uchungu kwa kawaida huanza ndani ya saa 24. Mpigie daktari simu wakati huo, si baadaye, ili ajue usiku wake.

Jike atatetemeka, atachimbachimba matandiko na kukataa chakula. Mwache atulie, taa iwe hafifu, na watoto wa nyumbani na majirani wasije kutazama.

Mwondoe nyumbani kuelekea kwa daktari ukiona lolote kati ya haya: amesukuma kwa nguvu kwa dakika 30 bila mtoto kutoka, zimepita saa 2 tangu mtoto aliyetangulia, na hesabu ya eksirei inaonyesha wengine wamebaki, majimaji ya kijani kibichi yametoka kabla ya mtoto wa kwanza, au joto lilishuka saa 24 zilizopita na hakuna kinachoendelea.

*Tahadhari kubwa kuliko zote:* usimdunge sindano ya uchungu uliyonunua dukani. Ikiwa kichwa kimekwama, dawa hiyo hulibana tumbo la uzazi dhidi ya kitu kisichopita, na tumbo hupasuka. Ni daktari tu, baada ya kumpima, anayeweza kuamua itumike.

Mtoto akitoka, mama akichelewa, pasua utando, nyonya makamasi mdomoni na puani, kisha msugue kwa taulo hadi alie. Usimrushe wala kumzungusha hewani, maana ubongo huumia. Funga kitovu kwa uzi sentimita 2 kutoka tumboni, kata, paka iodini. Fungua mdomo utazame kaakaa. Likiwa na ufa, maziwa yatapita puani na kuingia mapafuni, na daktari akuambie la kufanya siku hiyohiyo.

Kila mtoto anyonye dang'a ndani ya saa 12 za kwanza, wakati utumbo wake bado unaweza kuipokea kinga ya mama.

*Umefaulu* ukiwa na idadi ileile ya eksirei, mama anayelamba watoto, na sanduku lenye ukimya.

Hatua ya 8: Wiki 8 za malezi

Pima uzito wa kila mtoto kila siku kwa saa ileile. Aongezeke kila siku, na afikishe mara mbili ya uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 7 na ya 10. Asiyeongezeka kwa siku moja apewe maziwa mbadala. Asiyeongezeka kwa siku mbili aonwe na daktari. Wiki ya kwanza sanduku liwe na nyuzi 29 hadi 32, na liwekwe mbali na upepo wa ziwa wa usiku.

Dawa ya minyoo hutolewa wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Uji mzito wenye dagaa waliosagwa huanza wiki ya 4, kwenye sahani bapa, kwa kuwa mwenye pua fupi huzamisha pua akila kwenye bakuli. Chanjo ya magonjwa ya pavo na distempa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3.

Hatua ya 9: Kupanga watoto na kuwakabidhi

Katika wiki ya 8 kagua tundu za pua na mkia wa kila mmoja, na uwasikilize wakiwa wamelala. Wapo watakaofanana na mama, na wapo watakaovuta upande wa baba. Yule anayekoroma usingizini muuze kwa kueleza hivyo, au umtoe bure kwa mtu mwenye nyumba yenye ubaridi. Kumficha ni kumtesa mbwa, na ni kumdhulumu mnunuzi.

Mnunuzi apewe karatasi yenye aina ya mama na ya baba, vipimo vya pua zao, tarehe za chanjo na minyoo, na maelezo haya: mbwa atembezwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, avalishwe mkanda wa kifuani, asivutwe kwa kola ya shingoni, na asiachwe peke yake ufukweni. Mwenye kichwa kizito na kifua kipana huzama hata palipo na utulivu kama kandokando ya Capri Point, na chotara wengi huurithi umbo hilo.

Mwambie pia asiwapandishe ndugu wa uzao huu wao kwa wao, wala kwa chotara wengine wa kizazi cha kwanza, akitarajia kupata watoto walewale. Katika kizazi cha pili sura na pumzi hutawanyika, na pua fupi kabisa hurudi kwa baadhi yao.

Baada ya miezi 12, mtembelee kila mnunuzi ukiwa na saa yako, mtembezeni mbwa dakika 3, na uandike ulichosikia kooni. Watakaoshindwa wahasiwe. Wakiwa zaidi ya mmoja kutoka uzao mmoja, chora mstari juu ya jina la dume yule kwenye daftari, na usimtumie tena.